Shimo la jino lina kitu cheusi, nikitoe?

SWALI: Dokta habari, juzi nimeng'olewa jino la nyuma, sasa kuna shimo na kitu cheusi ndani, nasukutua na maji ya chumvi kwa nguvu ili kitoke lakini wapi, nifanyeje?

JIBU: Acha kwanza hiyo ya kusukutua kwa nguvu ndugu yangu, hicho cheusi ni damu iliyoganda na ndo inafunika mfupa kama plasta, ikitoka mapema mfupa unabaki wazi na maumivu yake yanapanda mpaka sikioni, we hutaki kufika huko. Maji ya chumvi poa ila baada ya masaa 24 ya kwanza, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, inamisha kichwa huku na huku taratibu halafu yaache yadondoke yenyewe, usiteme kwa nguvu. Sigara weka pembeni, mrija wa kunywea pia. Meno mengine piga mswaki kama kawaida, wengi wanaacha kabisa (sijui nani anawaambia) na uchafu ndo unachelewesha kidonda. Ukiona usaha, homa, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, rudi kwa daktari wa meno haraka.