Msikimbilie garini: kwa wanaoanza kupiga picha Swaledale mwezi wa Aprili

Kila mwaka ni yale yale. Rasharasha ikianza, wageni wanakunja traipodi mbio mbio. Punde jua linapasua wingu, bonde zima linawaka, nao wako garini wanafuta vioo. Jamani! Huku Swaledale, bonde la kaskazini mwa Uingereza, picha iko kwenye ukingo wa wingu.

1. Someni upepo. Ukitoka kaskazini-magharibi, hewa baridi ya baharini inapita juu ya ardhi iliyopashwa na jua, mawingu yanapanda tangu asubuhi, na mchana mvua inapiga kwa vipindi vyenye mapengo. Hizo ndizo siku zenu. Wingu likitanda kama shuka kutwa nzima, bakini nyumbani msafishe sensa ya kamera. Pengo mtaliona kwenye rada ya mvua ya Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza. Tafuteni mahali ambapo jua litakuwa mgongoni na wingu jeusi mbele, mkasimame hapo mvua ikiwa bado inanyesha.

2. Ekspoja, yaani kiasi cha mwanga kinachoingia kwenye picha. Hapa ndipo kadi nzima za picha zinapoharibika. Jua linapotoka, sehemu kubwa ya fremu bado ni wingu rangi ya risasi. Kamera inapima wastani, inaona giza, inaongeza mwanga. Wingu linapauka, na vile vilivyopigwa na jua, yaani kuta za mawe zilizolowa na wanakondoo, vinaungua. Kwenye skrini mnaona picha inang'aa, mnafurahi, mnaendelea kubonyeza. Jioni mnaikuza kwenye kompyuta: mwanakondoo hana sufu, ni doa jeupe lenye miguu. Msitegemee RAW, faili ghafi la kamera: kilichoungua kwenye chaneli zote tatu hakirudi. Kwa hiyo pangeni kwa mkono mapema, mkiwa bado mnalowa: f/8 (tundu la lenzi), ISO 100 (wepesi wa sensa), sekunde 1/400 (kasi ya shata) ni mwanzo mzuri kwa jua la mchana. Jua likitoka tu, pigeni moja, tazameni histogramu (grafu ya mwanga wa picha; ikibanana ukingo wa kulia, kuna kilichoungua), rekebisheni, kisha ondoeni mkono kwenye gurudumu la kamera. Mawingu yatahama, lakini jua lenyewe halibadiliki dakika kwa dakika, basi msifukuzie kila kivuli kinachopita.

Halafu inakuja theluji, maana hata Aprili huku huwa nayo. Kila kitu cheupe, na kamera inakifanya kijivu. Sasa mnaongeza mwanga, stopu 1 hadi 1⅔ (kila stopu ni mwanga mara mbili). Yule aliyekariri “punguza, punguza” ya wingu jeusi anapunguza hapo pia, na theluji yake inatoka kama majivu.

3. Upinde wa mvua. Hukaa kwa pembe ya nyuzi 42 kutoka mahali kinapoelekea kivuli cha kichwa chako. Jua likipanda zaidi ya nyuzi 42 kutoka upeo wa macho, upinde unazama chini ya upeo wa macho. Katikati ya Aprili huku hilo hutokea takriban kati ya saa sita kasoro na saa nane na nusu mchana, kwa hiyo aliye bondeni saa hizo ale sandwichi yake kwa amani. Aliye kileleni anaweza bado kuukuta chini yake. Tao zima linataka lenzi ya 16mm au 18mm kwenye kamera ya fremu kamili (yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya 35mm). Na vueni polaraiza, kile kichujio cha kukata mng'ao! Ikiimarisha kilele cha tao inafuta miguu yake, na ukiizungusha ni kinyume chake. Kila mwaka yupo mmoja anayeizungusha akilalamika kwamba upinde umekatika.

4. Hudi ya lenzi (kikinga cha mbele yake) daima, vitambaa vitatu vikavu, mgongo kwenye upepo. Michirizi ya mvua: sekunde 1/60 hadi 1/125, mbele ya kitu cheusi. Begi mnaloning'iniza kwenye traipodi liguse ardhi, la sivyo linapepea na kuitikisa. Kabla ya kuingia baa yenye moto, fungieni kamera ndani ya mfuko usiopitisha hewa, muiache humo mpaka ipate joto.

5. Geti liacheni mlivyolikuta. Msipande kuta, mawe yale yamepangwa bila saruji, na mwenye shamba hana muda wa kuyapanga upya wakati kondoo wake wanazaa. Jike aliyejifungua akiinua kichwa na kuacha kula, mko karibu mno. Rudini barabarani, mfunge lenzi ya 200mm.