Jibu: Chogyal Namgyal wa Sikkim ni mtu mmoja au wengi?

Mambo mkuu. Umekwama kwa sababu Chogyal Namgyal anatajwa 1642 halafu anatokea tena 1975, hata mimi nilikwama hapohapo nilipoanza kuisoma Sikkim, ule ufalme mdogo wa zamani kwenye milima ya Himalaya. Chogyal ni cheo, yaani mfalme anayetawala kwa misingi ya dini ya Kibudha, na Namgyal ni jina la ukoo, kwa hiyo cheki kwanza jina jingine linaloambatana nayo, ndo litakutofautishia. Wa kwanza ni Phuntsog, alisimikwa 1642 mjini Yuksom na malama (viongozi wa dini wa Kibudha) watatu, mwanae Tensung akahamishia makao makuu mji wa Rabdentse. Wa mwisho kutawala ni Palden Thondup, alirithi kiti 1963, na habari yake inaniuma sana maana Aprili 1975 jeshi la India lilizingira ikulu yake pale Gangtok, mji mkuu wa Sikkim, likawanyang'anya silaha walinzi, siku 5 baadae ikapigwa kura ya kufuta ufalme, na Mei 16 Sikkim ikawa jimbo la 22 la India. Alifariki New York 1982. Ukikutana na mwaka 1835 usikuchanganye, hapo Waingereza walichukua eneo la Darjeeling tu, ufalme wenyewe ukaendelea.