Mchuzi kwa mtoto, samaki kwetu

Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, na kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito umelala mwezi wa tatu huo. Nesi akampima mkono kwa utepe: sentimita 13. Bado kijani, yaani yuko salama, akasema, ila akishuka chini ya 12.5 anaingia njano, dalili ya utapiamlo. Anakula nini?

"Anakula vizuri tu."

"Haya, nihesabie tangu alipoamka jana."

Hapo nikaanza kujing'atang'ata. Saa moja asubuhi chai ya rangi na andazi. Saa nne biskuti kwa jirani (kwetu Makorora mtoto ni wa mtaa mzima). Saa sita juisi ya pakiti, anyamaze nipike. Saa nane wali na mchuzi wa samaki aina ya changu, anageuza uso. Nami nilikuwa nikimtangaza kuwa mgumu wa kula! Kumbe alikuwa ameshiba sukari.

Na hata hao samaki hakuwa akiwala. Kwa kuogopa miba tulimlowekea wali kwa mchuzi, minofu tukala sisi. Siku hizi natenga mnofu wake kwanza, naupapasa kwa vidole mpaka niridhike hauna mwiba, nauponda kwenye wali na kijiko cha tui zito. Uono, wale dagaa wadogo wa baharini, ndio rahisi zaidi: nawachambua mchanga, nawaosha, nawakausha vizuri kwenye kikaango, nawatwanga mpaka wawe unga. Kijiko kimoja kwenye uji au mchicha, na miba yao imo humohumo.

Chai nimeikata kabisa, kwani inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Akimaliza kula nampa chungwa la Muheza, ambalo lenyewe linasaidia. Anakula milo minne midogo na kitafunwa kimoja, na sahani ni yake peke yake. Kwenye sinia na binamu zake alikuwa anaambulia matonge mawili, wenzake wamemaliza.

Mama mkwe aligomea mayai, eti mtoto akiyazoea atakuwa mdokozi. Sikubishana naye, nikaendelea kuchemsha. Juzi nimemkuta yeye ndiye anamenya.

Jirani wa biskuti ndiye hatujamalizana. Nilimwomba ampe ndizi badala yake, na hii ni wiki ya pili amenuna.