Kisu mfukoni kila siku: niliyojifunza toka nianze kukusanya visu vya kukunja

Mimi nauza kwenye duka la pembejeo hapa Moshi, sio mbali na soko la Mbuyuni, na kwa siku moja nafungua viroba vya mbolea, nakata kamba za manila, nakata mpira wa maji mita ishirini mita hamsini, nachana maboksi ya dawa za kunyunyizia, kwahiyo kisu kwangu ni kitu cha kazi kabisa. Natembea na kisu cha kukunja mfukoni toka 2009, na kuvikusanya nimeanza baadae kidogo, saizi ninavyo 11. Wadogo zangu wengi wananiuliza waanze na kipi na kwanini nahangaika na vya kizamani vyenye mpini wa mbao wakati maduka yamejaa vile vyeusi vya kufyatuka, basi ngoja nieleze yote hapa.

Kilichonianzisha ni kisu cha babu. Babu alikuwa Old Moshi, alikinunua mjini miaka ya sitini kwa hela ya kahawa, Okapi ya mpini wa mbao wenye vile vinakshi vya mwezi na nyota, na ile pete nyuma ya kuvutia ili kifunge. Ukikifungua kinalia tra-tra-tra-tra, sisi wajukuu tukisikia ule mlio tunajua babu kakaa chini ya mgomba anamenya chungwa na tunakimbilia. Wengi wanadhani Okapi ni kisu cha Afrika Kusini, na ni kweli zinatengenezwa huko toka 1988, ila kilianza Ujerumani kule Solingen mwaka 1902, na kilitengenezwa hasa kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani huku Afrika, yaani na sisi huku Tanganyika tulikuwa humohumo. Kwahiyo ukimkuta mzee wa huku kwetu ana Okapi usishangae, ni kisu kilichokusudiwa mfuko kama wake toka siku ya kwanza.

Babu alipofariki nikapewa kile kisu, kikiwa butu kabisa na kutu ya kutosha, na hapa ndo nikafanya kosa ambalo mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma. Nilikipeleka kwa kijana anayenoa visu kwa baiskeli, wale wanaosimamisha baiskeli kwenye stendi yake wanapiga pedeli jiwe linazunguka. Cheche ziliruka sana, akawa anakandamiza kwa nguvu bila kuchovya maji hata mara moja, na mimi nimesimama pale naangalia makali yanabadilika rangi, kwanza njano kama chai ya rangi iliyopauka, alafu zambarau, alafu bluu. Mimi nikaona inapendeza. Akanipa akasema "Braza, hicho kinanyoa mpaka ndevu," na kweli kilinyoa, nikamlipa buku nikaondoka na furaha zangu. Siku ya tatu hakikati hata nyanya. Nikanoa, kikashika nusu siku, kikalala tena.

Baadae ndo nikaja kuelewa. Ugumu wa kisu unatokana na kuchomwa moto mkali alafu kuzimwa ghafla, kisha kinapashwa tena kidogo tu ili kisiwe cha kukatika kama chupa. Ukija kukipasha tena kupita pale, ule ugumu unaondoka, na ile rangi ya bluu ndo ushahidi wenyewe, hapo chuma kimefika karibu nyuzi joto 300. Fundi wa baiskeli kwa panga na kisu cha jikoni cha bei rahisi hana shida yoyote, na wapo wanaochovya maji kila baada ya sekunde chache, hao wanajua kazi. Ila kisu chako cha mfukoni, hasa cha urithi, usikipeleke kwenye jiwe linalozunguka. Kinoe mwenyewe.

Ndo maana nikiulizwa ushauri wa kwanza sisemi nunua hiki au kile, nasema kabla hujanunua cha pili jua kunoa cha kwanza. Nimeona jamaa ana visu sita vizuri vya bei na vyote butu, hapo huna visu, una vyuma.

Jiwe la kawaida la pande mbili, upande wa chenga kubwa na upande laini, linapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi. Loweka kwenye maji kidogo, liweke juu ya kitambaa kibichi ili lisiteleze. Laza kisu, alafu nyanyua mgongo wake kiasi cha sarafu mbili au tatu zilizopandana zipite chini, na hiyo nafasi uitunze hivohivo toka mwanzo wa makali mpaka kwenye ncha, usiwe unanyanyuanyanyua mkono. Mwanzoni mimi nilikuwa napaka makali kwa maka peni, alafu napitisha mara tatu nne naangalia wino umetoka wapi, ukitoka juu tu ujue umelaza mno, ukitoka kwenye ncha ya makali tu ujue umenyanyua mno. Endelea upande mmoja mpaka ukipapasa upande wa pili kwa kidole gumba uhisi kitu kinakwaruza urefu wote wa makali. Hicho ni chuma kimejikunja kwenda upande wa pili, na kama hujakihisi bado hujafika, hata kama umechoka, endelea. Ukikihisi geuza upande, alafu hamia jiwe laini, mwisho buruza kisu kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi mara ishirini hivi. Jaribu kwenye gazeti. Mara ya kwanza nilitumia karibu saa nzima, saizi ni dakika tano Jumapili jioni na chai pembeni.

Sasa kipi cha kuanzia. Mimi nasema Opinel namba 8 ya Ufaransa, kile cha mpini wa mbao wa duara wenye pete ya chuma shingoni. Kilibuniwa na Joseph Opinel huko Savoie mwaka 1890, kisu cha wakulima wa milimani, na mimi napenda sana kuwa wanaokileta huku ni watu wanaokuja kupanda mlima wetu. Ile pete ya kuzuia kisijifunge iliongezwa 1955. Hakina springi, hakina kitu cha kuharibika, makali yake sentimita nane na nusu na bapa lake ni jembamba mno, kwenye kukata nyanya au nyama choma hakuna cha kukifikia kwenye boksi langu. Cha pili Victorinox ya Uswisi, hii nyekundu kila mtu anaijua, na hapa Moshi inapatikana kirahisi kwa sababu wageni wakishuka mlimani wanawaachia wapagazi na wapishi vifaa, alafu vingine vinaingia sokoni. Changu nilikipata kwa mpagazi mmoja kwa 25,000, kina mikwaruzo kila mahali na kinakata vizuri tu.

Kiboriloni kwenye mitumba nako nimewahi kuokota viwili, ila huko inabidi uwe na subira, unaweza kwenda mara kumi hukuti kitu. Ukikishika kisu cha mtumba kifungue, shika mpini kwa mkono mmoja na ncha ya bapa kwa mwingine, tikisa kushoto kulia, kikiyumba sana achana nacho maana ribiti zimelegea. Kifunge kwa kukisindikiza usikie springi inakivuta yenyewe mwishoni, "tak", kikilegea kama mlango wa kabati bovu rudisha. Angalia maandishi yaliyogongwa kwenye shina la bapa, feki nyingi maandishi yake yamechapwa juujuu kwa rangi na yanatoka kwa kucha. Na kutu isikutishe kama ni ya juu, msasa laini na mafuta inatoka, inayotisha ni ile iliyokula mashimo kwenye makali.

Kuna jambo lazima niliseme kwa uzito. Visu vingi vya kizamani havina loki, vinashikiliwa na springi tu. Mwaka wangu wa pili nilitaka kutoboa dumu, nikachoma kwa ncha, kisu kikajifunga juu ya kidole cha shahada, nyuzi nne na kovu ninalo. Kisu cha springi ni cha kuvuta na kukata, sio cha kuchoma. Ukitaka kutoboa tafuta msumari.

Alafu suala la watu. Arusha ukipita Kilombero au Tengeru siku ya soko utaona Wamasai na sime zao kiunoni na hakuna anayegeuka kuangalia, ila mimi nikitoa kisu cha sentimita nane kukata uzi wa kiroba kuna mtu anarudi nyuma. Kisu cha kukunja watu wamekizoea kwenye habari za vibaka, na siwalaumu. Ndo maana navipenda hivi vya mbao, unavifungua kwa mikono miwili taratibu kama mzee anayevaa miwani, na mtu anaona mwenyewe hapa pana kazi. Nikiwa na mtu nisiyemfahamu nasema kwanza, "samahani mama, nitoe kisu nikukatie hiyo kamba." Sikifungui kwenye daladala, sikichezei mkononi nikiongea, nampa mtu kikiwa kimefungwa au mpini ukiwa upande wake. Na kuna sehemu nakiacha nyumbani kabisa: benki, mahakamani, kituo cha polisi, mpirani, na baa. Baa hasa. Uwanja wa ndege kiweke kwenye begi linaloenda chini, mimi nilisahau siku moja kikabaki kwenye boksi la mlangoni na hakikurudi.

Mfukoni usikiweke na funguo na sarafu, vitakichubua. Nilimpelekea fundi viatu kipande cha ngozi akanishonea ala ndogo kwa 3,000, sasa kimesimama wima pembeni ya mfuko na hata nikipanda bodaboda hakinichomi paja.

Utunzaji ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Visu vya zamani vingi chuma chake kinashika kutu, na adui wake mkubwa kwangu ni mbolea. Nilikata kiroba cha mbolea ya CAN asubuhi nikakikunja bila kufuta, jioni nikakuta madoadoa mekundu. Ukikata mbolea futa hapohapo, suuza, kausha, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo. Na kisu kinachogusa mbolea au dawa kisiguse chakula, hapo hakuna mjadala, ndo sababu ninavyo viwili mfukoni, cha kulia Victorinox ya kazi, cha kushoto cha kula. Hicho cha kula nakibadilisha kila Jumatatu, kila kisu kwenye boksi langu kina wiki yake, na kisu ambacho zamu yake ikifika sijisikii kukichukua nakigawa. Masika Opinel itakuja kukusumbua, mbao inanyonya unyevu inavimba na kisu kinakuwa kigumu kufungua. Usivute kwa meno. Legeza pete, gonga kitako cha mpini mezani, kitachomoza chenyewe, alafu kianike ndani sehemu yenye hewa na ukikauka upake nta ya mshumaa pale kwenye mfereji.

Ila sio kila weusi ni kutu. Ukimenya ndizi mbichi, mshare hasa, ule utomvu unakipaka kisu rangi ya kijivu inayoelekea bluu nyeusi, na watu wanahangaika kuitoa kwa stili waya. Iache. Hiyo rangi inasaidia kuzuia kutu nyekundu, na kila kisu kinapata michoro yake kutokana na ulichokata, limao, embe, nyama.

Cha babu sikukitupa. Nilikuwa nakinoa kwa jiwe kila wiki, kila wiki kinashika nusu siku kinalala, mke wangu akawa anauliza napoteza muda wa nini. Ila ule moto wa baiskeli ulikuwa umeunguza ukingo tu, milimita mbili hivi, na jiwe lilikuwa linakula kidogokidogo. Ilichukua mwaka na miezi. Siku moja nikakata maboksi kutwa nzima, jioni nikajaribu kwenye gazeti likachanika bila kusita, nikajaribu tena kesho yake, hivohivo. Bapa limekuwa jembamba kuliko alivyoliacha babu, ila ni chuma chake kilekile cha ndani. Jumapili iliyopita nimemenyea nacho ndizi za mtori, chana mbili nzima, tra-tra-tra-tra, na mwanangu akaja mbio kutoka nje kuangalia kuna nini.