Mlima mtulivu Wales: nenda Rhinog Fawr, ila usikate njia

Mkuu, umeuliza kama Wales kuna mlima wa kupanda kwa siku moja bila kupanga foleni kileleni kama Snowdon, mlima mrefu kuliko yote wa Wales, ambako tangu 1896 kuna hadi treni ya kukupandisha. Upo. Unaitwa Rhinog Fawr, mita 720 tu. Jumamosi niliyokwenda mimi, mwezi wa nane, nilikutana na watu wanne kutwa nzima. Mbuzi mwitu nilihesabu kumi na mmoja.

Kutoka kijiji cha Llanbedr barabara inafuata mto Artro hadi ziwa la Cwm Bychan, nayo ni nyembamba, mkikutana magari mawili mmoja arudi nyuma. Unaegesha shambani kwa mtu, unalipa, unaanza kupanda zile wanazoziita Ngazi za Warumi. Warumi wenyewe inaelekea hawahusiki, ni njia ya farasi wa mizigo ya zama za kati. Mawe yamepangwa vizuri, ila yakilowa yanateleza kama kambare. Ukikaribia pengo la Bwlch Tyddiad shika njia ya kulia, pita ziwa dogo la Llyn Du, halafu ni kupanda kwa mikono na miguu hadi juu. Hali ya hewa ikiwa safi unaona bahari upande mmoja, na huo Snowdon wao kaskazini.

Sasa erika, ule mmea wa milimani. Waliopita Machame wanaijua: Kilimanjaro ukitoka msituni inakuwa miti kabisa, imening'iniza ndevu za kijivu. Ya Wales ni ndugu yake mfupi, inakufika gotini, na mwezi wa nane inachanua zambarau mlima mzima. Ukiwa mbali utadhani zulia. Chini yake kuna mawe makubwa yamerundikana ovyo, na kati ya jiwe na jiwe mashimo usiyoyaona.

Mimi wakati wa kushuka nililiona ziwa la Gloyw Lyn lile pale chini, nikajisemea nikate njia. Kwenye ramani haifiki kilomita mbili. Nilitumia saa mbili na nusu! Sijaenda mbali, mguu wa kushoto ukazama hadi pajani. Nikauvuta, mguu ukaja, buti likabaki. Ikabidi nilale kifudifudi juu ya maua, mkono umeingia shimoni hadi begani, napapasa tope la baridi, na beberu mmoja kasimama juu ya jiwe ananitazama tu.

Kwa hiyo rudi ulikopandia, hata kama macho yanakuambia kuna njia fupi. Beba ramani ya karatasi, simu yangu ilipoteza mtandao kabla hata sijaegesha. Vaa suruali ndefu hata kukiwa na joto, na ukifika nyumbani jikague kupe nyuma ya magoti. Mimi nilitoa wawili.