Jina la malkia kwenye galiadi siyo ushahidi kwamba alitungiwa

Swali: Mtaalamu, napiga luti (ala ya kale ya nyuzi inayofanana na gitaa) na nina onesho mwezi ujao. Nitapiga ile Galiadi ya Malkia Elizabeth, yaani muziki wa ngoma ya kale ya Ulaya, ya mtunzi Mwingereza John Dowland. Naweza kuwaambia watu kwamba alimtungia malkia mwenyewe?

Jibu: Usiwaambie hivyo ndugu yangu. Hili naulizwa kila siku na kosa ni lile lile, mtu akiona jina kubwa juu ya kipande basi keshamjua aliyetungiwa. Kipande chako kilichapwa kwa jina hilo 1610, kwenye kitabu cha Robert, mtoto wa Dowland, na malkia alishafariki 1603! Halafu muziki huo huo umo kwenye miswada iliyonakiliwa kwa mkono na Mathew Holmes, iliyoko Cambridge, ya zamani zaidi, na humo unaitwa galiadi ya K. Darcy. Yaani ngoma ya mama mwingine ikabadilishwa jina. Tabaruku yenyewe hasa, yaani kumtunukia mtu kazi, ni ile barua inayochapwa mwanzoni mwa kitabu, kama Dowland alivyomwandikia Malkia Anne, mke wa Mfalme James, kwenye kitabu chake Lachrimae cha 1604, hiyo unaweza kuishika. Jina la kwenye ngoma linahama.

Na jina la mtunzi nalo ni hivyo hivyo. Kwenye miswada ya Kiingereza jina mara nyingi linaandikwa mwisho wa kipande, limebanwa pale mstari unapoishia, sasa mtu anakata picha ya ukurasa vibaya halafu jina la kipande cha juu anakipa cha chini, na kosa hilo linazunguka intaneti nzima. Ukikuta "Johnson" peke yake, ni John aliyefariki 1594 au mwanawe Robert? Wote walipiga luti. "J.D." je? Dowland au John Danyel?

Wanaonikera zaidi ni hawa wanaosikiliza dakika moja wakasema "huo ni mkono wa Dowland kabisa", halafu wanauza PDF zenye jina lake. Dowland mwenyewe alilalamika 1597 kwamba vipande vyake vimechapwa bila yeye kujua, tena vimejaa makosa, na hapo alikuwa hai! Anayekuuzia mwambie akupe picha ya ukurasa mzima, pamoja na ukurasa uliotangulia. Akianza kuzunguka zunguka, usimpe hela yako.