Ukienda Bokerley Dyke, subiri jua liiname

Bokerley Dyke ni tuta refu la kale la mpaka, lenye handaki kando yake. Mara ya kwanza nililifuata huko Martin Down, kusini mwa Uingereza, mwezi Julai saa sita mchana. Niliona nyasi na vipepeo tu, nikarudi nyumbani nimevunjika moyo. Nilirudi Januari, saa tisa alasiri. Palepale nilipokuwa nimepita, tuta lilikuwa limejitokeza lote, handaki lake limejaa kivuli, likipanda na kushuka vilima vya chaki, yaani mwamba mweupe laini, hadi macho yangu yakakoma.

Basi chagua mwanga kabla ya kuchagua njia. Jua la utosini hufuta vivuli, na bila vivuli hakuna utakachokiona.

Ukiegesha gari kando ya barabara ya A354, lifuate tuta kuelekea kusini-mashariki. Jiulize kila mara: handaki liko upande gani? Hapa liko kaskazini-mashariki, kwa hiyo aliyetokea upande huo alikutana na shimo kwanza, kisha ukuta wa chaki. Lilipochimbwa lilikuwa jeupe pe. Mpaka wa Dorset na Hampshire unalifuata mpaka leo, jambo ambalo bado linanisisimua.

Usikubali kuambiwa umri mmoja. Asili yake ni ya kabla ya Warumi, lakini mwanaakiolojia Pitt-Rivers alipochimba hapa kati ya 1888 na 1891, sarafu za Kirumi zilionyesha kwamba sehemu yake ilijengwa mwishoni mwa utawala wao. Ukitaka mipaka ya kale isiyo na utata huo, panda Quarley Hill, kilima kilichoko Hampshire: mahandaki ya mpaka yanapita chini ya kuta za ngome ya Zama za Chuma, maana yake mpaka ulitangulia ngome.

Tafadhali usichimbe, wala usije na kifaa cha kutafutia madini. Sheria inakataza, na hasara ni kubwa kuliko sarafu moja. Chaki huhifadhi makombe ya konokono wadogo ndani ya handaki, na kwa aina zao wataalamu hujua kama palikuwa msitu au malisho. Ukivuruga tabaka, habari hiyo imepotea.

Kwenye uwanda wa Salisbury, ambako mahandaki ni mengi zaidi, jeshi hufanya mazoezi. Ukiona bendera nyekundu, usiingie.

Vaa viatu vyenye meno. Chaki iliyolowa huteleza kama sabuni. Na Januari jua huzama mapema, kabla ya saa kumi na moja, kwa hiyo beba tochi ya kukurudisha kwenye gari.